Hofu Iliyogawanywa kwa Watano

Mwanamume aliyelowa chapachapa aliingia katika Chumba cha Kauli Moja bila hodi. Watu watano walikuwa wameizunguka meza, kila mmoja na utepe wa shaba kipajini. Tepe hizo ziliunganisha fikra zao na mashine iliyoitwa Msawazishi. Mashine ilichukua hofu ya mmoja ikaigawa kwa wote, ili mambo ya jiji yasiamuliwe kwa kiherehere.

"Mnafungua bwawa?" mgeni aliuliza. "Bondeni kuna watu!"

"Wamehamishwa, baba," alijibu Bi Tunsume, mwenyekiti. "Roboti zimepita kila nyumba."

"Nyumba! Sisi tuko makaburini, tunazika. Mvua imetukuta na jeneza, simu hazishiki. Mke wangu yuko kule, na wanangu."

Moyo wa mhandisi Sekela, mmoja wa wale watano, ulishtuka. Papo hapo utepe ukapata joto, hofu ikanywea, ikawa kama wasiwasi wa mtu aliyesahau kufunga dirisha. Akawatazama wenzake. Wote shwari. Akaelewa: kila mmoja alikuwa na kipande cha hofu, na hakuna aliyekuwa na ya kutosha kumwinua kitini.

"Tukichelewa ukuta wa bwawa utapasuka," alisema Bi Tunsume, kama anayezungumzia chai.

"Dada," mgeni alimwambia Sekela, "niahidi hamtafungua mpaka nirudi nao."

"Nakuahidi. Kimbia!"

Sheria ilikuwa wazi. Tepe zikiwa kipajini, kauli ni moja na hakuna awezaye kuipinga peke yake. Utepe mmoja ukivuliwa, wote huamua kwa mdomo, na mmoja akikataa, milango ya bwawa haifunguki. Lakini aliyeuvua havai tena, na mashine humrudishia kila hofu iliyowahi kumpunguzia.

Sekela akauvua.

Hofu za miaka yote zikamrukia kwa pamoja: kila mafuriko, kila daraja lililosombwa, kila jina la marehemu lililosomwa redioni. Akaanguka chini ya meza akiuma mkono wa shati. Nje, ukuta wa bwawa uliguna.

"Sekela, mwanangu, kubali," Bi Tunsume alimsihi. "Unaumia bure."

"Hapana."

Ukuta ukaguna tena. Vioo vikatetemeka.

"Sasa je?"

"Ha… hapana, mama. Bado."

Hatimaye mlango ukasukumwa. Mgeni aliingia amebeba mtoto mmoja, mkewe nyuma yake na watoto wengine, na waombolezaji wenye matope hadi magotini.

"Wote?" Sekela aliuliza kutoka sakafuni.

"Wote, dada. Tumemwacha marehemu tu."

"Fungueni," alisema Sekela, na meno yake hayakuacha kugongana.