Mteja wa Kwanza wa Dada

Mikono miwili ilimdaka mwanasesere mmoja kwenye meza ya mitumba, watu wakisukumana kama wanagawiwa bure. Mmoja ulikuwa wa fundi saa, shati jeupe limenyooshwa pasi hadi kola inakata. Wa pili ulikuwa wa msusi mwenye gauni la njano na kucha nyekundu, na ndio ulioshika kichwa.

"Kaka, achia mguu."

"Tazama macho kwanza, dada. Huyu anatazama pembeni. Waliotengenezwa baadaye wanatazama mbele."

"Na goti lake linakunjika. Wa mwanzo hawakunji goti. Sasa achia."

Akaachia mguu, akaomba namba ya simu. Mwanamume mzima, kanaswa na goti la plastiki.

Ikawa kila Jumapili wanawapanga wanasesere wa kale waliowakusanya mezani kwa msusi, wanalinganisha rangi ya midomo, mshono wa viatu, njia ya nywele. Mmoja tu alikaa peke yake juu ya kabati, nywele zimekatwa hovyo upande mmoja, midomo imepakwa rangi ya kucha.

"Huyu vipi, laazizi? Katoka vitani?"

"Huyo halinganishwi. Muache."

Fundi saa akacheka. Hapo ndipo angeuliza. Lakini mtu akishapendwa hudhani ameshaelezwa kila kitu.

Msusi aliposafiri kwenda kwa shangazi yake, alimwachia ufunguo amwagilie maua. Fundi saa alikuwa ameshanunua pete ya uchumba, akaona pete tupu haitoshi. Akamshusha yule wa kabatini, akasugua midomo, akang'oa nywele zote, akapandikiza mpya kwa kibano chake cha saa. Pete akamvisha mkononi, kama bangili.

Msusi aliporudi hata mkoba hakuutua.

"Nywele zake ziko wapi?"

"Si hizo, mpenzi? Mpya kabisa."

"Nauliza za zamani."

"Nilizitupa."

Akakaa sakafuni na nguo zake za safari. "Alikatwa na mdogo wangu. Hajaanza hata shule, anacheza ususi, na huyu ndiye mteja wake wa kwanza. Homa ikamchukua mwaka uleule. Kazi nikaiendeleza mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia umuache."

Akaivua pete mkononi mwa mwanasesere, akamrudishia.

Kwa wiki kadhaa simu ya fundi saa ikawa ya wateja tu. Kisha asubuhi moja msusi akapiga:

"Uko kazini?"

"Nipo, mama."

"Nakuja."

Alikuja na mwanasesere, mkasi na kichupa cha rangi ya kucha. "Nimejaribu kukumbuka alivyomkata, nimeshindwa. Wewe hukumbuka kasoro za kila mmoja."

Kweli, ya huyu aliikumbuka. Juu ya sikio la kushoto, mshazari, na kipara kidogo kisogoni. Akakata polepole. Akapaka midomo, rangi ikavuka pembeni kidogo, ilivyokuwa.

Msusi akamgeuza geuza mwanasesere.

"Umepatia."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nisingejua, ningedhani kakata yeye." Akamsimamisha katikati ya saa zilizosubiri wenyewe. "Kaa naye. Mimi nikimtazama nitaona mkono wako, na ninaoutafuta si huo."

"Na mimi je?"

Akamnyooshea kola, kama zamani. "Wewe nilikupenda, bwana. Hilo usilitilie shaka."

Mlango ukafungwa taratibu. Fundi saa akabaki na mkasi mkononi, nywele chache zimemganda shatini. Akaziokota moja moja kwa kibano. Hizo hakuzitupa.