Mgeni wa Nyumba ya Dohani

Lililoanza ni chai kupoa. Batuli alimimina kikombe kutoka kwenye chupa, mvuke ukapanda vizuri tu, lakini alipokifikisha mdomoni kilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Ilikuwa Desemba ya mwaka 1986, hapo Takaungu, joto la kumfanya mbuzi agombee kivuli na mbwa. Batuli akailaumu chupa, akatia chai nyingine. Nayo ikapoa.

Wao walikuwa wageni pale. Mumewe Mbaruk, mwalimu wa shule ya msingi huko Mambrui, alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauna dawa: majumba ya kale. Walimu wenzake likizo hulala usingizi. Yeye alimchukua mkewe na binti yao Zuleikha, mtoto wa miezi minne aliyepatikana baada ya miaka ya dua na machozi, akaja kupanga chumba kwa Mama Kanze ili akaione Nyumba ya Dohani.

Nyumba yenyewe haikuwa mbali na hapo, juu ya jabali linalotazama mkono wa bahari. Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliijenga zamani kwa mtindo wa kwao, madirisha marefu ya vioo, ngazi za mbao, paa la mteremko mkali kana kwamba Takaungu huanguka theluji. Na katikati ya sebule, sijui alikuwa na akili gani, akajenga meko makubwa ya kuotea moto, na dohani ya kutolea moshi ikatokeza juu ya paa. Meko ya kuotea moto, Pwani! Watu walicheka hadi wakaipa nyumba jina. Walipoambiwa sababu wakaacha kucheka. Mzungu yule alikuwa na mke aliyesikia baridi mchana kutwa, kila alasiri yuko mbele ya moto na shali mabegani. Mke huyo hakushuka naye melini. Mafundi walisema walipomaliza kazi na kufungua mlango, walimkuta ameshaketi ndani. Mzungu alipohama alihama peke yake, tena mbio.

Sasa nyumba ilikuwa ya watu kutazama tu. Mlinzi wake, Nzai, mtu wa maneno machache, aliwafungulia asubuhi ile, akabaki barazani na Mbaruk huku Batuli akizunguka ndani na mtoto begani.

“Mwalimu,” Nzai alimwambia Mbaruk, “mkitoka, tokeni tu. Humu hatuagi.”

Mbaruk akatabasamu. Aliona ni vichekesho vya walinzi, akanuia kumsimulia mkewe wakirudi. Kisha akaona kitasa cha shaba cha kizamani, akakiinamia kukitazama, na maneno ya Nzai yakamtoka kichwani moja kwa moja.

Batuli naye alikuwa sebuleni. Viti vyote vilifunikwa mashuka meupe, isipokuwa kimoja, kilichoelekea kwenye meko. Zuleikha alikuwa akikitazama kiti kile na kucheka, kicheko kile cha kichanga anapochezewa usoni. Batuli hakuona la ajabu. Watoto huchekea hata ukuta. Alipofika mlangoni akageuka, kwa kuwa alilelewa akaleleka, na marehemu mama yake angemfinya paja kama angetoka katika nyumba ya watu kimya kimya.

“Haya jamani, sisi twaenda zetu,” alisema, nusu mzaha. “Nanyi karibuni kwetu.”

Ni maneno yanayomtoka mtu wa Pwani kama pumzi. Nyuma yake kiti kikalia, kama kinavyolia mtu anapoinuka. Batuli akadhani ni mbao kuukuu.

Chai ilipoa alasiri ya siku hiyohiyo. Alasiri, kama ajuavyo kila mtu wa mji, ndiyo saa ya wanawake kutembeleana. Batuli alikuwa chumbani akimnyonyesha mtoto aliposikia sauti ya mwanamke barazani, ya upole, ya mtu mzima.

“Hodi.”

“Karibu!” Batuli aliitika, akidhani ni jirani wa Mama Kanze.

“Starehe,” mgeni akajibu, kama ajibuvyo mtu aliyekaribishwa.

Akasikia nguo ikichakarisha mkeka, mtu akiketi. Batuli alijitengeneza leso, akachukua vitumbua vyake vya asubuhi, akavipanga kwenye sahani ya bati yenye maua ya buluu. Sahani hiyo ilikuwa ya mama yake, na chini yake palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha, alama ya kuijua isije ikapotelea kwenye harusi za watu. Akaisukuma nje ya pazia kwa mkono mmoja. “Jipakulie, mama, naja.” Alipotoka na mtoto, mkeka ulikuwa mtupu. Sahani haikuwapo wala vitumbua. Palibaki harufu ya majivu baridi, ile ya jiko la watu waliokwisha kuhama.

“Nyani hao,” Mama Kanze alisema aliporudi kutoka shambani. “Mwezi uliopita wamenibebea sufuria na ugali wake.” Alikuwa mjane wa Kigiriama, mcheshi, lakini aliinusa baraza mara mbili na hakucheka.

Kesho yake, saa ileile, Batuli alikuwa uani akianua nguo. Hakusikia hodi. Mgeni aliyekwisha kukaribishwa, tena akala, hapigi hodi kila siku. Alichosikia ni kicheko cha Zuleikha chumbani, kile cha kwenye kiti, akaingia akitabasamu, na tabasamu likamfia usoni. Mtoto alikuwa kitandani, macho juu, mikono imenyooshwa kumshika mtu asiyeonekana. Godoro halikuwa limebonyea. Chini ya mgongo wa mtoto palikuwa na upenyo ambao mkono ungepita, na kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya kitu, kimeinama kidogo pembeni, kama kinavyolala kichwa cha mtoto kwenye kiwiko cha mtu anayempakata, na kile kitu kilikuwa kikimbembeleza, kushoto na kulia, polepole, bila haraka yoyote, huku harufu ya majivu imejaa chumba kizima na pumzi ya Batuli mwenyewe ikitoka kinywani kama moshi.

Alimnyakua. Kulikuwa na mvuto mdogo, wa mtu asiyetaka kuachia, kisha mtoto akaja. Alikuwa wa baridi mwili mzima, midomo inageuka rangi. Batuli alipiga ukelele uliomwamsha Mbaruk kutoka usingizi wa mchana.

“Asubuhi twapanda basi, twarudi kwetu,” Mbaruk alisema, akianza kukunja nguo.

“Kwetu,” Batuli alirudia kwa kunong’ona. Ndipo akakumbuka alichokisema mlangoni, akamweleza. Na Mbaruk ndipo akakumbuka alichoambiwa na Nzai. Aliinama, akashika kichwa. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Woga uliwamaliza nguvu za kugombana.

Mama Kanze ndiye aliyemleta Maalim Aboud, mshona kofia wa mjini Takaungu. Alikuja juu ya baiskeli, amekasirika kwa kukatizwa kazi, sindano ingali imechomekwa kifuani. Alimsomea mtoto muda mrefu. Mtoto alipata joto akisomewa, na kisomo kilipokoma akapoa tena. Maalim akafumba macho.

“Angeingia kwa nguvu, ningemtoa kwa nguvu,” alisema kwa sauti ya chini. “Huyu ana mwaliko. Ulimwambia aje wapi?”

“Kwetu tu, Maalim.”

“Basi utakapopaita kwenu, ndipo atakapokuja. Mkikimbilia Mambrui, atawatangulia.”

“Mwanangu atakufa?” Batuli aliuliza.

Maalim hakumdanganya. “Kila siku atampakata zaidi kidogo. Mwishowe hatamrudisha.” Akageukia mlango, akanong’ona zaidi, kama mtu anayesengenya mgeni aliye chumba cha pili. “Mgeni husindikizwa. Msindikize kesho alasiri mpaka kwake, wewe uliyemwita, na mtoto umchukue, kwa kuwa bado amempakata na hatamwachia njiani, ila kwake. Ukifika atakukaribisha. Usiingie, wala usiitike, wala usiage. Na asibaki na kitu chako hata uzi, maana mwenye kitu cha mtu ana sababu ya kurudi. Umempa chochote?”

Batuli alitikisa kichwa. Hakuwa akidanganya. Alikuwa anaitazama midomo ya mwanawe, na ile sahani haikumjia akilini hata kidogo; sahani ilichukuliwa na nyani.

Kesho yake alasiri walipiga moyo konde. Mbaruk na Maalim walibaki nyuma, mbali, wakisoma. Batuli alisimama barazani na Zuleikha kifuani, akasema kama inavyosemwa, “Twende, mama, nikusindikize,” na harufu ya majivu ikaja ikasimama kando yake.

Jua lilikuwa kali, njia nyeupe inaumiza macho, na hilo ndilo lililomtisha kuliko giza lolote, kwamba mambo haya yalikuwa yakitendeka mchana kweupe, kuku wanaparua, redio ya mtu inaimba. Alisikia nguo ikiburuta mchangani upande wake wa kushoto, hatua kwa hatua naye, na mtoto mikononi akawa mwepesi, mwepesi zaidi ya mtoto, mpaka akashusha macho kuhakikisha kama yupo, akamwona yupo, lakini alipotazama chini mchangani akaona kivuli chake mwenyewe kimekunja mikono mitupu, na kivuli cha Zuleikha kiko kando, mkono mmoja mbali naye, kimepakatwa na hewa, kikienda sambamba nao, na akajua kwamba akikimbia atakimbia na mwili tu, kwa hiyo akatembea, machozi yanamshuka, akaendelea kutembea kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza shoga yake.

Nyumba ya Dohani ilikuwa imefungwa, Nzai hayupo. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye dohani. Mlango ukafunguka kwa ndani.

“Karibu ndani, mwanangu,” ile sauti ilisema, sasa mbele yake. “Umechoka. Moto nimekwisha kuwasha. Nipokee mtoto uketi.”

Sikiliza: malezi ni kitu kigumu kuliko woga. Ulimi wa Batuli ulikwisha kujiinua kujibu “starehe”, na aliung’ata hadi akaonja damu. Aligeuka kimya. Hakuaga. Alipiga hatua moja, mikono ikaingia uzito ghafla, na Zuleikha akaangua kilio, kilio cha hasira, cha moto, cha mtoto mwenye njaa. Batuli hakuwahi kusikia sauti tamu kama hiyo. Alikimbia njia nzima akilia naye.

Walirudi Mambrui. Mwezi ukapita, na mwingine, na mwingine. Mvua za masika zikaja na chai ikabaki moto kikombeni. Zuleikha akanenepa, akaanza kutambaa, akawa fisadi wa kila kilichowekwa chini. Mbaruk hakuyataja tena majumba ya kale, na usingizi wake wa mchana ukamrudia.

Alasiri moja Batuli alikuwa jikoni akikuna nazi. Alipotokea ukumbini alikuta sahani imewekwa karibu na kizingiti, pamoja na kawa safi la kuifunikia, kama jirani anavyokurudishia chombo chako. Kwao sahani hairudishwi tupu. Lazima utie kitu. Kawa lilikuwa limesukumwa pembeni, na Zuleikha ameketi kando yake, kitumbua mkononi, anatafuna kwa furaha.

“Nani kaleta, mama?” Batuli alimuuliza kwa kumchezea, akachutama. Kisha akaona maua ya buluu. Akaimwaga sahani, akaipindua, na chini yake ikamtazama nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

Vitumbua vilipasuka sakafuni. Ndani vilikuwa vya kijivu, na baridi yake ilipanda hadi magotini. Batuli alimtia mtoto kidole kinywani, akakwangua, akakwangua tena, akitoa majivu kwenye ulimi, kwenye ufizi, nyuma kabisa kooni, na mtoto hakulia, wala hakutapika, alikuwa akimtazama mtu nyuma ya bega la mama yake na kucheka, na kila kidole kilipoingia kile kinywa kidogo kilikuwa baridi zaidi.

“Hodi,” sauti ikasema mlangoni, kwa upole.

Batuli aliziba mdomo kwa mkono wenye majivu. Akageukia chumba cha ndani apige kelele, amzuie mumewe, lakini Mbaruk alikuwa ameshashtuka usingizini, na aliitika kama alivyoitika maisha yake yote, kabla hata hajafumbua macho.

“Karibu! Karibu ndani!”

“Starehe,” sauti ikajibu, na safari hii ilikuwa tayari ukumbini.