Jina Lililokosekana Daftarini

Kila siku ya shule, saa nane na nusu mchana, Loisi alifika nyumbani kwao Makole akiwa na soksi zilizobadilika rangi. Asubuhi zilikuwa nyeupe. Mchana zilikuwa nyekundu, kwa sababu vumbi la Dodoma halibishi hodi kwa mtu. Mwezi wa Septemba upepo huliingiza madirishani, vyomboni, hata masikioni mwa watu, na ndiyo maana kwao, kama kwa majirani wote, kila kitu cha thamani kilikuwa na nguo yake. Redio ilivaa kitambaa cha kufuma. Televisheni ilivaa kitambaa cha kufuma. Saa ya ukutani nayo ingevalishwa, ila watu walitaka kujua wakati.

Kitambaa kizuri kuliko vyote kilikuwa cha kompyuta. Loisi alikifuma mwenyewe katika somo la stadi za kazi, muhula mzima, kwa nyuzi nene za sufu za njano na kijani. Mwalimu alikipitisha dawati kwa dawati ili wenzake wakishike. Mama alipokipokea alijifunika nacho kifuani kwanza kabla ya kuifunika mashine, na Loisi hakusahau jambo hilo.

Kila mchana, basi, Loisi alimwamkia mama yake, akatua mkoba, akainama chini ya meza. Pale ndipo lilipokaa lile boksi kubwa la kompyuta lenye mitambo. Asubuhi mama alikuwa akiliondolea kitambaa ili atumbukize disketi zake, kisha akakisahau kitini. Loisi alikiokota, akakikung'uta, akalifunika boksi vizuri mbele na nyuma. Mama, aliyekuwa akichapa haraka haraka huku macho yakiwa kwenye kioo, hata hakugeuka. Ilikuwa kazi ndogo kama kufunga mlango, na Loisi aliifanya bila kuifikiria.

Mama yake, Debora, alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akasema kwamba aliyepunguzwa ni yeye, mikono yake haijapunguzwa. Mwaka uliofuata, yaani 2001, mjomba Cornel akamtumia kutoka Dar es Salaam kompyuta ambayo ofisi yao haikuihitaji tena, na nyumba ikawa na kazi. Wanafunzi wa chuo walileta ripoti, makanisa yalileta ratiba, na sasa Mwalimu Bartolomayo wa Msalato, mstaafu mwenye mwandiko wa kupendeza, alikuwa ameleta kitabu chake juu ya kilimo cha zabibu. Kilitakiwa kuwa tayari Jumatatu ya mwisho ya mwezi, kwa ajili ya mkutano wa wakulima.

Hapo ndipo kompyuta ilipoanza vituko vyake. Mama anachapa, ghafla kioo chote kinageuka bluu, maandishi meupe ya Kiingereza yanajipanga juu yake, na kila kitu kinaganda. Hakuna kinachosaidia ila kuizima na kuiwasha upya, na chochote ambacho hakikuhifadhiwa kimekwenda na maji. Ukurasa wa thelathini na moja, unaohusu kupogoa mizabibu, mama aliuchapa mara tatu. Baadaye angeweza kuusema wote akiwa anakaanga vitunguu, akasema sasa kilichobaki ni yeye kupewa shamba tu.

Siku zile mgeni wao wa kila mchana alikuwa Mwanasha, binti wa nyumba ya pili, rafiki wa Loisi tangu darasa la kwanza. Mwanasha alipenda kompyuta kupita kiasi. Alikuja saa tisa, akakaa kimya nyuma ya kiti cha mama na kuangalia herufi zikizaliwa. Wiki mbili nyuma alikuwa amekuja na disketi kutoka kwa kaka yake aliyesoma chuo, ndani yake mna mchezo wa kupanga matofali, nao wawili wakacheza kwa ruhusa ya mama mpaka wakaumwa macho. Vituko vilipoanza, mama aliikumbuka disketi ile.

Akaitwa fundi Emilia kutoka Kizota. Alikuwa mama mwembamba aliyekuja kwa baiskeli, bisibisi imechomekwa kwenye nywele, mtu aliyetengeneza redio miaka ishirini kabla ya kujifunza kompyuta. Alifika Jumamosi asubuhi, akavuta kitambaa pembeni, akafungua boksi, akapuliza vumbi, akaipima mashine kwa disketi yake ya kutafutia virusi. Hakuona kirusi. Lakini alikiri kwamba vipo virusi vipya kuliko dawa aliyokuwa nayo. Akaiwasha, ikafanya kazi mpaka adhuhuri bila kukohoa.

Fundi Emilia akacheka, akasema mashine ni kama mtoto, ukimfikisha kwa daktari anaacha kuumwa. Kisha akaomba daftari tupu na kumkabidhi Loisi.

"Wewe ndiye karani," alisema. "Kila ikigoma, andika siku, saa, nani yupo chumbani na nini kimefanyika kabla. Usichague cha kuandika. Hata paka akipita, andika paka kapita. Mimi nitarudi Jumamosi ijayo tulisome pamoja."

Loisi alijisikia mkubwa. Alipiga mistari kwa rula, akaweka kalamu sikioni kama makarani wa zamani, na kwa siku tatu aliandika kwa mwandiko wake bora. Jumatatu, saa tisa na dakika ishirini, mama anachapa, Mwanasha yupo. Jumanne, saa tisa na robo, mama anachapa, Mwanasha yupo. Jumatano, saa tisa na nusu, mama anachapa, Mwanasha yupo, paka kapita.

Jumatano jioni mama alilisoma daftari. Alilisoma mara mbili, akashusha pumzi. Asubuhi kompyuta haikuwahi kugoma hata mara moja, na mchana, kila mstari, jina lilikuwa lile lile. Mwanasha alipokuwa anaaga, mama alimwambia kwa upole kwamba asije kwanza mpaka kazi ya Mwalimu Bartolomayo iishe, kwa kuwa inaonekana disketi yake ilileta ugonjwa. Hakumkaripia. Lakini Mwanasha aliangalia miguu yake, akasema, "Sawa, mama," akaondoka bila hata kuvaa kandambili vizuri. Loisi alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea mlangoni.

Alhamisi Mwanasha hakuja. Loisi alimwamkia mama, akatua mkoba, akalifunika boksi, akakaa na daftari lake. Saa tisa na dakika ishirini na tano kioo kikawa bluu.

Mama alisema kirusi kikishaingia kimeingia, mwenye nacho akiondoka haondoki nacho, akaenda jikoni kujituliza kwa chai. Loisi akaanza kuandika. Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini na tano, mama anachapa, yupo... Kalamu ikasimama. Nani yupo? Paka hakuwepo. Mwanasha hakuwepo. Aliyekuwepo ni yeye mwenyewe, na alikuwepo Jumatano, na Jumanne, na Jumatatu. Daftari lote lilikuwa na jina la kila mtu, hata mnyama, isipokuwa la karani.

Akaanza kujiuliza karani huyo hufanya nini kabla ya saa tisa. Hakufika mbali. Aliinama chini ya meza, akaingiza mkono chini ya sufu ya njano na kijani. Nyuma ya boksi, pale palipokuwa na feni ndogo, palikuwa pa moto kama ubavu wa sufuria iliyotoka jikoni.

Ijumaa aliporudi shuleni hakukigusa kitambaa. Kilibaki kitini. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita, na mama akachapa kurasa kumi na nne bila kusimama, akiimba sauti ya pili ya kwaya yao. Loisi alipaswa kufurahi. Badala yake hakuacha kukitazama kitambaa pale kitini, kwa sababu alijua njia rahisi kuliko zote ilikuwa mbele yake. Kitambaa kikae kabatini, kompyuta imepona, hakuna atakayeuliza, na kazi yake ya muhula mzima haitaitwa ugonjwa.

Ndipo mama akajinyoosha na kusema kwa furaha, "Unaona? Kumbe kweli alikuwa Mwanasha. Kesho nitamweleza fundi."

Maneno yale yalimchoma Loisi. Usiku ule hakula vizuri, na mama alidhani ni homa.

Jumamosi fundi Emilia alifika na baiskeli yake, akapewa chai, akafungua daftari. Alisoma akitikisa kichwa polepole. Mama akaanza kueleza habari za disketi. Loisi alisimama kando ya meza, mikono nyuma.

"Samahani fundi, daftari hilo halijakamilika," alisema. "Kuna jina sikuliandika. Ni langu."

Akaeleza yote, kuanzia kitini mpaka kwenye feni. Aliposema kwamba tangu juzi alikuwa anajua, na jana nzima akanyamaza, sauti ilimkatika, akalia. Mama aliduwaa, kijiko mkononi.

Fundi Emilia aliweka kikombe mezani. Aliiwasha kompyuta, akaufungua mchezo wa matofali wa Mwanasha, akalifunika boksi kwa kitambaa kama Loisi alivyomwonyesha, akaendelea na chai yake. Wakakaa wote watatu wakikikodolea macho kioo kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Dakika ya thelathini na tano, kioo kikawa bluu. Mama Loisi akacheka mpaka machozi yakamtoka, kwa maana hakuwahi kufurahi kuona mashine yake ikigoma.

"Mashine hii inapumua kwa nyuma," fundi alieleza. "Feni inatoa joto nje. Sisi tumeiogopea vumbi, tukaivalisha sweta juani. Wakati wa baridi ilivumilia, lakini joto hili la Septemba limeishinda. Ifunikeni ikiwa imezimwa na imepoa." Kisha akamgeukia Loisi, akamfuta shavu kwa pindo la kanga. "Kitambaa chako kizuri, wala hukukosa kwa kukifuma. Kukosea ni kazi ya kila fundi. Mimi nimeunguza redio za watu ambazo sitazitaja hapa. Lakini daftari linaloandika wengine na kumwacha mwandishi, hilo humfunga asiye na kosa. Ukitafuta chanzo cha tatizo, anza kuandika ulichofanya wewe. Leo umeandika, na ndiyo maana tumepona."

Mama alimaliza kufuta machozi. Kisha akajifunga kanga, akamshika Loisi mkono, wakaenda nyumba ya pili. Mwanasha alikuwa uani akipepeta mchele na mama yake. Mama Loisi alimsalimu mwenzake, halafu akachuchumaa mbele ya mtoto yule, mtu mzima mwenye miwani ya kazi bado kichwani.

"Mwanasha mwanangu, nilikusingizia," alisema. "Disketi yako haina kosa, na wewe huna kosa. Naomba unisamehe."

Mwanasha hakuwahi kuombwa radhi na mtu mzima. Alimwangalia mama yake, akamwangalia Loisi aliyekuwa na macho mekundu na kamasi, na alipoambiwa habari ya kitambaa, alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka mpaka ungo ukamwaga mchele, kuku wakapata sikukuu, na Loisi naye akacheka huku bado analia.

Jumapili jioni kitabu cha Mwalimu Bartolomayo kilikamilika, kurasa themanini na mbili, siku moja kabla ya mkutano. Kitambaa cha njano na kijani kilikunjwa mara nne, wazo la Mwanasha, kikawa mto wa kiti cha mpiga chapa, na mama akaapa kwamba mgongo haumuumi tena. Rafiki hao wawili walikaa nyuma ya kiti, daftari magotini. Safari hii aliyeandika ni Mwanasha, na Loisi ndiye aliyemtajia la kuandika, akianza na jina lake mwenyewe.

Jumapili, saa kumi na mbili. Waliokuwepo: Loisi, Mwanasha, mama, paka. Kitambaa: kimekaliwa. Kompyuta: haijagoma.