Kigari Chekundu na Breki ya Pili

Kigari kilikuwa kimeshavuka mlango wa shorumu kinyumenyume, chekundu kama pilipili iliyoiva, na mnunuzi wake, mzee mmoja mwenye kofia pana, alikuwa akihangaika kutafuta gia ya kwenda mbele. Chiriku alisimama akipunga mkono. Ndivyo alivyofundishwa na bosi wake: muuzaji hamwachi mteja mpaka gari lipotee kwenye kona. Alivaa suti ya bluu, kitambaa cha njano shingoni, na viatu virefu vilivyokuwa vinamla vidole. Nyuma yake Jumamosi ilikuwa imechangamka, watu tele, nusu yao wamekuja kupiga picha tu.

Kando ya njia alisimama mwanamume mmoja, shati jeupe, pasi kali, mkono kifuani.

"Kaka, kimekugonga?" Chiriku alimuuliza.

"Hapana. Lakini nimeumia."

"Wapi?"

"Hapo kilipopita." Akaonyesha barabara nzima.

Waliompa Chiriku jina hilo hawakukosea, mdomo wake haukujua likizo. Lakini pale alicheka tu.

Mwanamume alikuwa mwalimu wa udereva, na kila mtu alimwita Mwalimu. Kutwa alikaa kiti cha abiria kwenye gari kuukuu lenye herufi L mbele na nyuma, breki ya pili chini ya mguu wake, akiwaokoa wanafunzi na nguzo za umeme. Mwendo wa konokono, asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana aliota vigari vile: vifupi, mlango wa tano mgongoni, ukivitazama utadhani vya kupeleka watoto shule, ukikanyaga mafuta vinaruka kama swala aliyeona chui.

Akawa anakuja kila Jumamosi. Mwanzoni alikuja kwa ajili ya vigari vilivyobaki shorumu. Baadaye hata mlinzi alijua anakuja kwa ajili ya nani.

Siku moja bosi aliwaruhusu watoke na kimoja kukijaribu. Mwalimu alipoendesha, Chiriku alimwona mtu mwingine kabisa: mabega yamelegea, anatabasamu kwenye kona. Walipobadilishana viti, mambo yakageuka. Kila Chiriku alipokaribia gari la mbele, guu la Mwalimu liligonga sakafu, puu.

"Unakanyaga nini hapo? Hakuna kitu."

"Samahani, mpenzi. Mazoea."

"Umeniita nani?"

"Nimesema mazoea."

"Kabla ya hapo."

Puu, guu likagonga tena, na mbele hapakuwa na gari lolote.

Jioni hiyo Mwalimu alitamka nadhiri yake. "Nitakuja kwenu kukuposa, Chiriku. Lakini sitakuja kwa miguu. Nitakuja na hiki, nikiegeshe mbele ya shangazi yako."

Shangazi ndiye aliyemlea Chiriku. Alipoletewa habari aliuliza tu, "Na hicho kigari kinakuja lini?"

Hapo ndipo penye mzizi. Kigari hakikuja, bei ndiyo iliyokuja. Ilipanda ushuru ulipopanda. Ikapanda pesa ya nchi ilipoanguka thamani. Ikapanda tena kiwanda kilipoamua kutengeneza vichache, kwa sababu ya sheria za moshi. Na kila ilipopanda, aliyebandika kadi mpya ya bei kwenye kioo ni Chiriku mwenyewe, kwa kidole chake, akijua anaisogeza mbele harusi yake. Mwalimu aliweka akiba, akaongeza wanafunzi wa jioni, akaacha kununua viatu. Akikaribia, bei inachomoka. Ni kama kukimbiza kivuli chako jua likiwa mgongoni.

"Zamani kilikuwa gari la kijana mwenye mshahara na wazimu kidogo," bosi alisema. "Sasa ni la mtu mzima mwenye hela na goti bovu. Kimebaki kimoja, binti. Kikitoka hiki hatuagizi tena. Na kazi hapa itapungua. Kuna nafasi kwenye tawi letu la mji wa mbali, nipe jibu Jumatatu."

Chiriku alimpigia Mwalimu simu saa ileile.

"Wanataka kunihamisha."

"Nipe muda kidogo. Nimekaribia."

"Umekaribia nini? Kimepanda tena leo. Njoo kwa shangazi hivi hivi ulivyo."

"Kwa miguu?"

"Kwa baiskeli, kwa mkokoteni, njoo unavyojua. Mwalimu, wewe hata mapenzi unayaendesha na breki ya pili. Mimi ndiye niko kwenye usukani, wewe mguu uko kwenye breki."

Alisema kwa uchungu wa mapenzi. Mwalimu alisikia jambo jingine, alisikia dharau.

"Kumbe muuzaji ni muuzaji," akasema. "Unataka kufunga biashara kabla mwezi haujaisha."

Simu ikakatika.

Jumamosi ilifika, Mwalimu hakuonekana. Mchana akaja mtu, akalipa, akasaini. Kigari cha mwisho kikatoka kinyumenyume. Chiriku alipunga mkono mpaka kikapotea kwenye kona, kisha akatoa simu.

"Kimeondoka," akasema.

"Kigari?"

"Kigari."

Mwalimu alivuta pumzi ndefu. "Na wewe?"

"Mimi nipo. Mpaka Jumatatu."

Jumapili asubuhi shangazi alisikia mngurumo wa kikohozi mlangoni. Akachungulia. Gari kuukuu, L mbele, L nyuma, limeoshwa mpaka rangi inaona haya. Mwalimu alishuka na shati lake lenye pasi kali.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hapa kuna mtu anajifunza?"

"Ni mimi, shangazi."

"Kujifunza nini, kwa umri huo?"

"Kuacha breki."

Chiriku alikuwa nyuma ya pazia, gauni la njano, kanga ya shangazi begani, amejizuia asitoke mbio. Alitoka taratibu, kama mwenye mambo mengi.

"Nilikwambia hata kwa baiskeli," akasema. "Umekuja."

"Nimekosa, Chiriku. Neno lile la muuzaji, nilimeze tena?"

"Limeze. Na maji yapo."

Mwalimu akampa ufunguo. "Endesha wewe."

"Na mimi napanda," shangazi akasema, na alishafungua mlango wa nyuma. "Binti yangu haposwi mimi nimebaki barazani."

Wakashuka mteremko wa sokoni. Mbele lori likachomoza kutoka njia ya pembeni bila taa wala adabu. Shangazi akafumba macho. Chiriku akasubiri ile puu ya guu. Haikuja. Akafunga breki mwenyewe, lori likapita.

Akageuka. Mwalimu alikuwa amekunja miguu juu ya kiti kama mtu aliyekaa mkekani, viatu amevipakata mapajani. Soli ya kulia ilikuwa imelika mpaka ikatoboka. Jasho lilimtiririka.

"Miguu iko wapi?" Chiriku akauliza.

"Nimeikalia. Nioe, basi. Yaani nikuoe. Shangazi, nisaidie."

"Sema mwenyewe," shangazi akasema. "Mimi nimefumba macho."

"Ngoja kwanza niegeshe," Chiriku akasema.

Akaegesha. Matairi mawili barabarani, mawili ukingoni, mkia umeziba njia ya watu. Mwalimu akatazama kushoto, akatazama kulia, akameza mate.

"Umeegesha vizuri," akasema.

"Muongo."

"Nimeanza ndoa."

"Basi nimekubali," Chiriku akasema.

Walioana baada ya mavuno ya ada za wanafunzi wapya. Akiba ililipia chumba na sebule, na kigari cha mtumba, kifupi, chekundu kilichopauka, chenye injini iliyofanyiwa upasuaji mara mbili. Chiriku hakuhama, anauza magari ya mtumba kwenye yadi ya jirani. Bosi anauza magari marefu yanayopanda ukingo na hayajawahi kukanyaga tope. Shangazi alijifunza kuendesha, akafeli, akarudia, akapita. Mwalimu alinunua viatu vipya. Kigari cha mwisho, yule aliyekinunua Jumamosi ile amekifunika turubai, hakiendeshi, anangoja bei ipande tena.