Mshenga Aliyekataliwa Mara Tatu

Siku ya gulio pale Kayanga hapapitiki. Kokugonza alikuwa katikati ya mikungu ya ndizi, gauni la kitenge cha kijani na sweta jeusi, akiuliza bei ili aziweke kwenye tovuti yake. Ghafla mwanamume mmoja akamsogezea simu usoni.

"Samahani, dada. Wewe ndiye mwenye tovuti ya Kibanja Chetu?"

"Ndiye mimi. Kuna nini?"

"Nimefungua taarifa ya msiba wa shangazi. Chini yake naambiwa nibeti nishinde pikipiki! Waitu, jamani, marehemu alikuwa mzee wa kanisa!"

Kokugonza aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Alipoinua macho akakuta jamaa anabana kicheko, buti za mpira zimejaa udongo, lakini shati la bluu limenyooshwa pasi kwelikweli. Alikuwa Novatus, muuza miche ya kahawa wa Kaisho.

Kokugonza akampeleka kwenye kiofisi chake nyuma ya soko, akamwonyesha. "Matangazo haya siyaweki mimi. Yanajileta yenyewe, yanafuata kile simu yako ilichotafuta. Mimi nachagua aina za kuzuia."

"Basi zuia yote."

"Halafu nile nini? Ndiyo yanayolipa kodi hapa, na mshahara wa Joyness anayeniletea habari za vijijini."

Novatus akatikisa kichwa. "Kumbe ni kama kupalilia. Ukifyeka ovyo, unaondoka na mche."

Hapo Kokugonza akamtazama vizuri. Kamari akaifungia siku ileile, na mwanamume akamfungulia moyo. Ndiyo hivyo, mapenzi hayabishi hodi.

Simu zikaanza. "Umekula, mama?" "Nimekula matangazo ya sabuni." "Nakuletea ndizi, usije ukatoa povu!" Kokugonza alikuwa akicheka peke yake mpaka Joyness anachungulia.

Mavuno ya kahawa yakafika. Siku moja wakinywa chai, Kokugonza akaazima simu ya Novatus aone ukurasa wa tovuti yake unavyoonekana. Akaufungua. Pete za dhahabu! Akashuka chini: shela, suti, pete tena.

"Novatus, simu yako inaoa?"

Novatus akaipokonya, jasho likamtoka. "Ni... ni ya binamu. Binamu yangu anaoa."

"Binamu gani?"

"Wa... huko."

Kokugonza hakumaliza chai. Nani asiyejua binamu wa namna hiyo? Moyo ulimuuma jamani, akaingia ofisini akafungia aina nzima ya Harusi, asione pete wala shela. Na hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa kuliko zote, maana huku kwetu kahawa ikishauzwa, watu wanaoana.

Wiki mbili zikapita. Hakupiga, na Novatus naye hakupiga.

"Dada," Joyness akasema asubuhi moja, "mapato yameshuka nusu. Mwezi huu utanilipa, au nirudi Nyakatuntu nikalime maharage?"

Kokugonza akaumia. Hasira zake zilikuwa zinataka kumnyima mwenzake ugali. Akafungua orodha ya yaliyozuiwa, akaanza kuyapitia moja moja. Kumbi. Keki. Wapambaji. Kisha picha ya mche wa kahawa uliofungwa utepe mwekundu, tangazo lililotumwa mara tatu:

*"Kokugonza wa Kibanja Chetu, nataka kukuoa. Tangazo hili ndiye mshenga wangu, mfungulie mlango. Novatus wa miche."*

Akanyakua simu. Akapiga.

"Naam, dada Kokugonza," sauti ikajibu, baridi.

"Leo nimekuwa dada?"

"Si umenikataa? Nimelipia tangazo, likarudi: mwenye tovuti hakuruhusu. Nikabadilisha picha, hakuruhusu. Nikaongeza mpaka koma, hakuruhusu!"

Kokugonza akacheka huku machozi yanamtoka. "Mjinga wewe, sikuliona! Nilifungia harusi zote kwa ajili ya binamu yako."

"Binamu gani?"

"Wa pete!"

Novatus akaangua kicheko. "Sina binamu anayeoa, Koku. Ulinibana nikadanganya, nilitaka tangazo likushtukize. Pete niliyokuwa nakutafutia ninayo hapa, kwenye kopo la mbegu."

"Nilikukumbuka, Novatus. Nilikukumbuka sana."

"Mimi ndio usiseme. Sasa utaniruhusu, mpenzi, au utanipalilia?"

Kokugonza akafungua Harusi yote, kisha akabonyeza "ruhusu" kwenye ule mche. Joyness, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akapiga vigelegele mpaka wauza nyanya wakaja kuuliza kuna nini.

"Nimekuruhusu," Kokugonza akasema. "Ila huyu mshenga wako hatoshi. Jumapili mlete mwenye miguu, nyumbani kwetu Kihanga. Baba anatumia kitochi, tovuti haifunguki."