Taa ya Bikira na Waya wa Choki

Kila alfajiri ya siku ya hospitali, Nohelia alikunywa kahawa nusu kikombe tu. Maji mengi yalikuwa yamekuwa sumu kwake. Figo zake zilichoka zamani, na sasa mashine ya hospitali ndiyo iliyomsafishia damu. Alivaa sweta, akajitanda shali, akatoka nje na kusimama kando ya barabara ya mawe. Hakupanda garini. Mgonjwa hapandi gari linalosukumwa.

Mumewe, Otoniel, alikuwa ameliegemea gari kwa bega, mkono mmoja umeshika usukani. Lilikuwa jipu la zamani aina ya Willys, umri wake karibu sawa na wa Otoniel mwenyewe. Katika milima ile ya Quindío, majipu kama hayo hubeba kila kitu: magunia ya kahawa, mikungu ya ndizi, nguruwe, hata maharusi. Lakini majuma haya lake halikuweza kujibeba lenyewe.

"Ningekuja kukusaidia," Nohelia alisema, "ila nikianguka utakuwa na mizigo miwili ya kusukuma."

"Usinichekeshe, mama. Nikicheka nguvu zinaniishia."

Jipu likaserereka mpaka kwenye kona. Likakohoa mara moja, likanyamaza. Otoniel akalaza paji la uso kwenye usukani. Hakutukana. Kutukana nako kunataka nguvu.

Juma lililopita walifika zamu ikiwa imepita. Kwenye mashine ya Nohelia alikuwa amekaa mtu mwingine. Alirudi nyumbani miguu imevimba, akalala ameketi, maana akilala chali pumzi zilimpaa. Nesi aliwaambia bila ukali: "Zamu msikose tena, baba. Mwili wake hauna akiba."

"Mzee Otoniel! Tena leo?"

Alikuwa jirani yao, dada Yamile, anakuja na ndoo ya maziwa. Yamile alitengeneza umeme wa magari na kufundisha kazi hiyo kwenye chuo cha ufundi mjini. Otoniel alijua hayo siku zote. Alikuwa amechoka tu, amechoka hata kuuliza.

Yamile aliitua ndoo, akakunja mikono ya shati, wakasukuma pamoja. Chini kabisa ya mteremko injini ikashika. Walifika hospitali nesi akiwa ameshafungua mdomo kuita jina la mwingine.

*

Jioni, Nohelia alikuwa amejilaza kwenye benchi barazani. Yamile akaja na mkoba wake wa vifaa.

"Haya, mzee. Mchana linawaka?"

"Likiwa la moto, mara moja tu."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi stata inanung'unika kama mlevi aliyeamshwa kwenda kanisani."

"Kabla ya haya kuanza, ulibadilisha nini?"

"Kabureta. Ile ya zamani ilikwisha. Hii mpya haina kamba ya kuvuta choki, ina waya. Muuzaji akaniambia, upe umeme, basi."

"Nawe ukaupa umeme wa wapi?"

Otoniel akakuna kichwa. Akaonyesha mbele ya usukani. Pale ilisimama sanamu ndogo ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, mlinzi wa madereva, na kando yake taa ya buluu. Taa hiyo ilifungwa na marehemu baba yake. Ilichukua umeme moja kwa moja kwenye betri bila kupitia kwenye ufunguo, ili Bikira asikae gizani hata gari likiwa limelala.

"Niliunga hapo," alisema. "Waya ule haukosi umeme. Tena nikaona choki itapata na baraka."

Yamile akacheka mpaka akashika boneti. Kisha akayaona macho ya mzee, mekundu kwa usingizi wa siku nyingi, akaacha kucheka. Akafungua chujio la hewa.

"Sogea, mzee, utazame. Hiki kibati kwenye mdomo wa kabureta ndicho choki. Injini ikiwa baridi inataka petroli nyingi na hewa kidogo. Kwa hiyo kibati kinafunga mdomo. Injini ikipata moto inataka hewa, nacho kinafunguka. Zamani wewe ndiye uliyekivuta kwa kamba. Siku hizi, ndani ya kikombe hiki cheusi, mna springi. Umeme unaipasha moto, inajikunjua, inafungua kibati polepole."

"Hapo nimekuelewa."

"Sasa shika injini."

Otoniel akaishika. Ilikuwa imepoa tangu mchana.

"Shika kikombe."

Akakigusa, akarudisha mkono haraka. Kikombe kilikuwa cha moto kama yai lililotoka chunguni.

Akatazama kikombe, akatazama kibati. Kisha akasema polepole, "Kinapashwa usiku kucha. Asubuhi injini ni baridi, na kibati kiko wazi. Inapewa hewa tupu."

"Na betri imenyonywa mpaka kunakucha. Ndiyo maana stata inanung'unika."

Otoniel akaketi kwenye bampa. "Kwa hiyo ni mimi. Ile miguu yake kuvimba, ni mimi."

"Miguu yangu ni figo zangu," Nohelia alisema kutoka barazani, macho amefumba. "Wewe uliunga waya tu. Endelea, binti yangu, kabla hajaanza kulia."

"Lakini taa ya Bikira isizimwe," Otoniel alisema. "Baba hakuwahi kuizima."

"Nani kasema izimwe? Ile ni taa ndogo, inakula kidogo sana. Mwache na taa yake. Choki ndiyo iliyokwenda kula kwenye sahani isiyo yake."

"Basi niiunge kwenye koili, ile inayotoa cheche. Ndiyo iliyo karibu."

"Wengi hufanya hivyo, na hukosea. Kwenye jipu hili, umeme wa koili hupunguzwa njiani. Choki itapata joto hafifu na kuchelewa kufunguka. Utaona moshi mweusi, na jipu lako litakunywa petroli bila kiasi. Tena utaipunguzia koili nguvu ya cheche. Choki inataka umeme kamili, lakini unaokuja ufunguo ukiwashwa na kukatika ufunguo ukizimwa."

Akampa taa ya kupimia. "Tafuta mwenyewe. Siku moja sitakuwepo."

Kwenye sanduku la fyuzi, Otoniel akagusa msumari wa kwanza wa kuungia waya. Taa ikawaka, na ufunguo ulikuwa umezimwa. "Huu haufai," alisema kabla hajaambiwa. Akagusa mwingine. Giza. Akawasha ufunguo: taa ikawaka. Akauzima: ikazimika. Akarudia, kwa kuwa ilimfurahisha.

"Huo ndio," Yamile alisema. "Sasa toa kwanza waya wa betri. Hatufungi umeme ulio hai."

Wakaiondoa choki kwenye waya wa taa ya Bikira, wakavuta waya mpya, wakauwekea fyuzi yake. Waliupitisha mbali na bomba la moshi, usije ukaungua. Yamile akakwangua rangi kidogo kwenye chuma cha injini, akafunga hapo waya wa pili unaotoka kwenye kikombe, ili umeme upate njia ya kurudi. Waya wa betri hawakuurudisha bado. Betri yenyewe Yamile akaondoka nayo kwenda kuichaji.

"Mambo mawili usisahau," alisema akiibeba. "Injini ikizimika, usiuache ufunguo umewashwa. Na asubuhi, kabla ya kuwasha, kanyaga pedali ya mafuta mara moja mpaka chini, uachie. Hapo ndipo kibati kinapojifunga."

*

Siku ya hospitali ikarudi. Ukungu ulikuwa umefunika migomba. Betri ilikuwa mahali pake, na taa ya buluu ilikuwa ikiwaka. Nohelia akatoka na shali yake, akasimama kando ya barabara kama kawaida.

"Panda," Otoniel alisema.

"Bado hujasukuma."

"Panda kwanza, mama."

Akapanda taratibu, akashika chuma, tayari kushuka tena. Otoniel akakanyaga pedali mpaka chini, akaiachia. Akazungusha ufunguo.

Stata ikazunguka bila kunung'unika. Injini ikashika, ikanguruma kwa nguvu, kisha kidogo kidogo ikatulia kadiri ilivyopata moto. Otoniel akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Bega lake lilikuwa bado linangoja kazi.

"Basi twende," Nohelia alisema. "Au unataka kusukuma kwa mazoea?"

Walifika hospitali mlango ukiwa bado umefungwa. Otoniel akazima ufunguo, injini ikanyamaza, akaugusa tena kuhakikisha. Nohelia akamlalia begani, begani pale pale palipochubuka kwa kusukuma.

Nesi alipofungua mlango aliwakuta wamelala wote wawili garini, katika mwanga wa ile taa ya buluu. Akatazama saa yake. Zamu ilikuwa bado, akawaacha kwanza.