Paka wa Gumato na Sindano ya Ng'ombe

Ng'ombe wa mbele walikuwa wamekwisha kuvuka barabara ya Lamu, na vumbi lao limefunika maduka ya Garsen, Gumato alipofika mbio na kibuyu cha maji cha baba yake. Punda walikuwa nyuma, wamebebeshwa mikeka na sufuria. Mzee Huka alipokea kibuyu bila kusimama.

"Aba, mtarudi lini?"

"Mvua ikinyesha. Huku majani yamekwisha, tunateremka deltani." Alitembea kidogo, kisha akageuka. "Ng'ombe wa maziwa nimewaacha kwenu. Dawa ya gandi iko ndani ya kopo, juu ya kabati. Ukiona ng'ombe amekonda na ufizi umekuwa mweupe, mwambie Ako amwite mtu wa kudunga. Wewe usiguse."

"Ndiyo, Aba."

Basi wakaenda. Kila kiangazi Waorma wa pale huhama hivyo. Kundi kubwa hufuata malisho mbali, na ng'ombe wachache wa maziwa hubaki mjini na wanawake, wazee na watoto wa shule. Gumato alikuwa darasa la sita, kwa hiyo alibaki na bibi yake, Hawo, ambaye kwa Kiorma alimwita Ako. Asubuhi walikamua, wakauza maziwa mbele ya nyumba, kisha Gumato akavaa sare na kukimbilia shule.

Huo ulikuwa mwaka wa 1999. Mafuriko makubwa yalikuwa yamepita, lakini panya waliokimbia maji walibaki mjini na hawakutaka kurudi mashambani. Walikula mahindi, walikula sabuni, walitafuna hata kamba za ngozi za kufungia ndama. Ndiyo maana katika nyumba ile paka aliheshimiwa. Jina lake Dima, yaani mwekundu, kwa sababu ya manyoya yake ya rangi ya kutu. Alikuwa wa Gumato tangu alipokuwa mdogo wa kuingia ndani ya kikombe, na usiku alilala miguuni pake.

Ako alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata siku za njaa. Maziwa yakiisha kuuzwa, aliyamimina yale ya chini ya kibuyu katika sahani ya bati, akaiweka nje. Paka wote wa mtaa walikuja, wakaweka vichwa pamoja, wakalamba. Dima alikuwa wa kwanza siku zote. Paka wa jirani yao Tamar alikuja na watoto wake.

Wiki chache baada ya baba kuondoka, Dima akaacha kuwa wa kwanza. Alikuja nyuma ya wenzake, analamba kidogo, anajilaza. Mbavu zikaanza kuonekana. Panya walipita mbele yake naye akawatazama tu.

"Amezeeka," alisema Ako.

"Ana miaka mitatu, Ako."

Tamar, ambaye alikuwa Mpokomo na alisoma darasa moja na Gumato, alimshika yule paka akampima kwa mikono. "Huyu mwepesi kama mfuko wa karatasi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo."

"Nikapange foleni na watu wenye ng'ombe? Watanicheka mpaka nihame Garsen."

"Wacheke. Wewe si umezoea? Juzi ulianguka mbele ya shule nzima."

"Nilisukumwa."

"Na nani? Na upepo?"

Gumato alikuwa amefunua mdomo wa Dima. Ufizi uliokuwa mwekundu ulikuwa mweupe kama kitambaa kilichofuliwa. Hilo alilijua. Mtoto wa mfugaji hufundishwa kabla ya kusoma. Mnyama akikonda, akichoka, ufizi ukiwa mweupe, hiyo ni gandi, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, yule inzi wa vichakani anayenyonya damu. Na dawa ya gandi ilikuwa nyumbani, juu ya kabati.

Jioni ile Ako alikwenda kumtazama mgonjwa mtaa wa pili. Gumato alipanda juu ya kiti akashusha kopo. Alichota ule unga wa manjano kwa ncha ya kijiko, akauchanganya na maji kama alivyoona kaka zake wakifanya, akavuta katika bomba la sindano. Akajiambia, ndama hupewa hivi, basi paka nimpe nusu ya nusu. Hakujua kwamba nusu ya nusu ya ndama bado ni nyingi mno kwa mnyama anayeingia katika kikapu. Maneno ya baba aliyakumbuka. Akaona baba alikuwa anazungumzia ng'ombe.

Dima hakulia alipodungwa. Lakini kulipokucha alikuwa akitokwa na mate, na alipojaribu kusimama miguu ya nyuma ilimkataa, akaanguka ubavu.

"Amekula nini huyu?" Ako aliuliza.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Gumato alifungua kinywa, akaona kopo, akaona uso wa baba yake, akasema, "Sijui, Ako. Labda amekula kitu huko nje."

"Kitu gani?"

"Labda... sumu ya panya."

Mtu mmoja tu mtaani aliweka sumu ya panya, na kila mtu alimjua. Ni Nuh, mwenye duka la nafaka lililopakana nao ukuta kwa ukuta. Ako alitoka akasimama mbele ya wateja wa maziwa, akapaza sauti ili isikike mpaka dukani.

"Mtu anayewatilia sumu wanyama wa jirani, mchele wake mtaula vipi?"

Wateja wakatazamana. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaelekea dukani na kikapu akageuza njia. Nuh alitoka, kofia mkononi.

"Mama Hawo, unamsema nani?"

"Namsema anayejijua."

"Mimi panya nawaua, paka nawalisha. Huyo Dima wenu analala juu ya magunia yangu kila mchana, hata kodi halipi. Nimtilie sumu kwa lipi?"

"Basi lete hiyo pakiti yako, tuende kwa daktari akaisome. Kama huna hofu, twende."

"Twende."

Wakaenda hivyo, Ako mbele, Nuh nyuma na pakiti yake, Gumato katikati na Dima ndani ya kikapu cha ukindu. Tamar naye aliwafuata. Gumato alitembea akitazama chini. Kila Nuh alipokohoa, alihisi kana kwamba anaitwa.

Ofisini kwa daktari wa mifugo kulikuwa na wanaume waliokuja na mbuzi wao. Walicheka kidogo kuona kikapu, lakini daktari, mtu mmoja mfupi aliyeitwa Katana, hakucheka. Alimweka Dima juu ya meza, akamfunua macho, akamtazama ufizi.

"Mama, mnasema sumu ya panya? Aliila lini?"

"Jana usiku," alisema Ako. "Mwenye sumu huyu hapa."

"Mimi sumu yangu iko ndani ya mtego," alisema Nuh. "Paka hawezi kuingiza hata kucha."

Daktari alisoma pakiti. Akashusha pumzi. "Nisikilizeni. Paka amelegea hivi, kumtapisha ni hatari. Anaweza kupaliwa akafa hapa hapa mezani. Lakini kama sumu iko tumboni, itabidi nijaribu, tena sasa." Akageuka akaanza kutayarisha dawa. "Wewe binti ndiye unayelala naye. Una hakika alikula sumu?"

Gumato alimtazama Dima. Ubavu wake ulikuwa ukipanda na kushuka haraka haraka. Akamtazama Nuh, ambaye hakuwa amekasirika tena. Alionekana kuchoka tu.

"Hakula sumu," alisema.

"Ati?" Ako aligeuka.

"Nilimdunga mimi. Dawa ya gandi, ya ng'ombe. Nilifikiri ana gandi, ufizi ulikuwa mweupe. Mjomba Nuh hakufanya kitu."

Daktari aliweka chini kile alichoshika.

"Kiasi gani?"

Gumato alimwonyesha kwenye bomba. Daktari akatikisa kichwa, lakini mikono yake ilikuwa tayari kazini. Hakumtapisha. Alimdunga maji ya chumvi na sukari chini ya ngozi, akamfunika kwa gunia, akamweka mahali penye joto. "Sasa tusubiri mwili wake uitoe dawa," alisema. "Umesema kwa kuchelewa, lakini umesema kabla sijamtapisha."

Alitoa tone la damu akalitazama kwa hadubini. Akamwita Gumato naye atazame, ingawa Gumato aliona madoa tu.

"Hakuna gandi hapa. Damu yenyewe ni kidogo, nyepesi kama maji ya kuoshea nyama. Huo unaitwa upungufu wa damu, na unaweza kuletwa na mambo mengi. Minyoo, viroboto, maradhi ya ndani. Wewe uliona dalili ukadhani umeona ugonjwa." Alitia damu nyingine katika kichupa, akakifunga ndani ya chupa ya chai yenye barafu. "Hii inakwenda Malindi na basi. Yuko mwenzangu anayetibu paka na mbwa, ana kipimo."

Dima alirudi nyumbani kesho yake, anatetemeka lakini anasimama. Majibu yalikuja baadaye kwa simu ya ofisi, na daktari akayaleta mwenyewe kwa pikipiki. Alikaa juu ya kigoda cha kukamulia.

"Ni kirusi," alisema. "Ugonjwa wenyewe unaitwa lukemia ya paka. Unaingia katika damu na kuizuia isitengenezwe vizuri."

"Atapona?" Gumato aliuliza.

"Hapana. Dawa ya kukiua kirusi hicho sina, wala Malindi hawana. Lakini akitunzwa anaweza kuishi muda mzuri. Mpeni ini na samaki waliopikwa. Mtoeni viroboto kila siku, kwa sababu wananyonya hiyo damu kidogo aliyo nayo. Nitampa dawa ya minyoo. Asilowe, asipigane."

"Na sisi?" aliuliza Ako. "Na ng'ombe?"

"Mtu haugui ugonjwa huu, wala ng'ombe. Ni wa paka kwa paka. Unapita katika mate, wakiumana, wakilambana, wakila chombo kimoja." Akatazama nje. "Dima hula na nani?"

Wote waliitazama ile sahani ya bati. Tamar, aliyekuwa mlangoni, alisema polepole, "Na paka wetu. Na watoto wake."

Ako alikasirika, si kwa mtu, bali kwa habari yenyewe. "Maziwa ya chini ya kibuyu nimewapa wanyama tangu nikiwa msichana. Leo niwanyime?"

"Usiwanyime, mama. Wagawie. Kila mmoja na chombo chake, na Dima akae ndani peke yake."

Kukaa ndani si jambo dogo kwa paka wa Garsen. Nyumba ilikuwa na madirisha wazi na mlango usiofungwa mchana kutwa. Gumato alijaribu kuziba kwa magunia, Dima akayachana. Wavu wa waya alikuwa nao Nuh, lakini kwanza ilibidi amsafishie jina mbele ya watu, na hilo lilimwogopesha kuliko daktari.

Alikwenda dukani saa ambayo watu ni wengi. Hawakuwa wengi tena. Tangu maneno ya Ako, wateja walikuwa wakipita upande wa pili. Gumato alisimama mlangoni, akawageukia wanawake waliokuwa kwenye maziwa.

"Mjomba Nuh hakumpa paka sumu," alisema. "Nilimpa mimi dawa ya ng'ombe, halafu nikadanganya. Bibi yangu aliyasema yale kwa sababu yangu."

Mwanamke mmoja akamuuliza, "Basi mchele wake ni mzuri?"

"Panya wanaupenda," alisema Nuh kutoka ndani, na watu wakacheka. Gumato alipogeuka kuomba radhi, Nuh alikuwa ameinama chini ya meza ya duka. Alitoka na kipande cha wavu wa waya.

"Huu ulibaki nilipoziba madirisha ya ghala. Zibeni yenu. Yule mpangaji wangu asiyelipa kodi, mwambie nimemsamehe."

Ako naye alikwenda, peke yake, na kibuyu cha maziwa. Waliyozungumza hayakusikika, ila alirudi bila kibuyu.

Jioni hiyo, walipokuwa wakimtoa Dima viroboto mbele ya taa, Ako alisema, "Kuna mambo mawili uliyoyafanya, usiyachanganye. Ulidunga kwa sababu hukujua. Aba alikukataza, na hilo mtazungumza naye akirudi. Lakini uliponyamaza ulikuwa unajua. Uliona nikimvunjia mtu jina lake mbele ya watu, ukanyamaza. Daktari angemtapisha paka kwa ajili ya uongo wako. Mtu akikosea, aseme mapema, wakati bado kuna la kufanya. Na ugonjwa usioujua, mpelekee anayeujua, hata kama watu watacheka. Umenisikia?"

"Nimesikia, Ako."

"Haya, shika mkia huo. Kuna kiroboto."

Dima alinenepa kidogo, na ufizi wake ukawa na rangi, ingawa haukuwa mwekundu kama zamani. Aliishi ndani ya wavu mpaka mvua za mwaka uliofuata, akaua panya wa humo ndani, kisha akaacha kula akafa. Walimzika nyuma ya zizi la ndama. Watoto wa paka wa Tamar walikuwa wanne. Mmoja alikonda akafa, mmoja alipelekwa Kau na mmoja Ozi, na wa nne alibaki na mama yake. Mzee Huka alirudi na ng'ombe, akasikia yote, na Gumato hakugusa sindano tena mpaka alipofundishwa. Daktari Katana alihamishwa. Nuh aliuza duka akaenda Hola. Tamar aliolewa Ngao. Ako Hawo alikufa uzeeni. Gumato ni mwalimu wa darasa la nne, na ana paka wawili, kila mmoja na sahani yake.